Highgate ya juu: kwa nini stesheni hii ilifungwa ilhali ya chini yake inaendelea kufanya kazi?

Mpenzi wa Ramani anauliza:

Ndugu wanabaraza, naomba msaada wa wenye kuijua vyema historia ya reli za vitongoji vya London. Katika nakala za ramani za treni za chini ya ardhi za mwishoni mwa miaka ya 1930 kuna njia iliyochorwa kwa mstari wa vipande, kuonyesha kwamba ilikuwa bado inashughulikiwa. Njia hiyo inaanzia Finsbury Park, inapita Stroud Green, Crouch End na Highgate, kisha inagawanyika: upande mmoja unaelekea East Finchley, na mwingine unapita Cranley Gardens na Muswell Hill hadi Alexandra Palace. Katika ramani za leo njia hiyo haipo. Highgate imo, lakini ni kituo cha Northern Line kilicho chini ya ardhi, na hakuna reli nyingine inayoonyeshwa kufika hapo.

Nimekuja kuelewa kwamba juu ya kituo hicho kuna stesheni nyingine, ya zamani zaidi, yenye jukwaa lake na mahandaki yake, na kwamba ilifungwa kwa abiria mwaka 1954. Kila ninaposoma maelezo mafupi kuihusu nakuta sababu moja tu, kwamba abiria walikuwa wachache. Jambo hili linanitatiza, kwa kuwa Crouch End na Muswell Hill ni vitongoji vilivyojaa watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao walikuwa wakifanya kazi katikati ya jiji. Inawezekanaje stesheni yenye majirani wengi kiasi hicho ikakosa abiria? Na kama serikali ilikwisha kuamua kuitia njia hiyo umeme, nini kilizuia?

Karani wa Masjala anajibu:

Ndugu yangu, hayo maelezo ya kukosa abiria si ya uongo, ila yanaianza habari mwishoni. Mwaka 1954 abiria wa Highgate ya juu walikuwa wachache kweli. Linalopaswa kuulizwa ni kwamba walikuwa wamekwenda wapi, na ni maamuzi ya nani yaliyowaondoa.

Njia yenyewe iliasisiwa na kampuni ndogo iliyoitwa Edgware, Highgate and London Railway, iliyopata idhini ya Bunge mwaka 1862. Kabla treni ya kwanza haijapita, kampuni hiyo ilimezwa na Great Northern Railway mnamo Julai 1867, na tarehe 22 Agosti mwaka huohuo reli ikafunguliwa kutoka Finsbury Park, ambayo wakati huo iliitwa Seven Sisters Road, hadi Edgware. Tawi la High Barnet lilifuata mwaka 1872. Kwa kuwa Highgate ni kilima, wahandisi walilazimika kuichimbia stesheni bonde refu na jembamba, likiwa na jozi ya mahandaki upande wa kusini na jozi nyingine upande wa kaskazini, hivi kwamba treni ilitoka handakini, ikasimama, kisha ikaingia handakini tena. Miaka ya 1880 stesheni ilijengwa upya, na majukwaa mawili ya pembeni yakaondolewa na kuwekwa jukwaa moja pana katikati ya reli.

Tawi la Alexandra Palace lina mkasa wake. Lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1873, siku ileile lilipofunguliwa jumba la burudani ambalo ndilo lililokuwa sababu ya kujengwa kwake, na tarehe 9 Juni jumba likateketea kwa moto. Tawi lilibaki halina kazi mpaka jumba lilipojengwa tena na kufunguliwa mwaka 1875. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi tawi hilo liliishi kwa kutegemea wageni wa sikukuu. Uhai wake wa kweli ulianza pale mashamba ya Muswell Hill yalipogeuzwa kuwa mitaa ya nyumba, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890, na watu wakaanza kupanda treni kila asubuhi kwenda kazini. Stesheni ya Cranley Gardens iliongezwa mwaka 1902.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Kufikia miaka ya 1920 tatizo la eneo hili zima lilikuwa wingi wa watu, tena wingi uliokithiri. Kila njia ya vitongoji vya kaskazini ilimiminia abiria wake Finsbury Park, na hapo walilazimika kushuka na kugombania nafasi katika treni nyingine, tramu na mabasi. Great Northern yenyewe ilichangia kuleta adha hiyo. Reli ya kwenda Moorgate, iliyofunguliwa mwaka 1904, ilikuwa imechimbiwa mahandaki ya kipenyo cha karibu mita 4.9 kwa makusudi, ili treni kubwa za Great Northern ziweze kupita moja kwa moja hadi katikati ya jiji, lakini kampuni hiyo ilikataa kuiunganisha na reli zake na ikaizuia isivuke Finsbury Park kwenda kaskazini. Mahandaki mapana yakabaki yakipitisha treni fupi za umeme zilizoishia mahali ambapo abiria ndipo walipokuwa wakizihitaji ziendelee.

Mpango wa kuondoa tatizo hilo ulikuja mwaka 1935, miaka miwili baada ya kuundwa kwa Bodi ya Usafiri wa Abiria ya London. Bodi ilikubaliana na kampuni za reli, kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, kwamba njia za mvuke za eneo la Highgate zitiwe umeme na kuingizwa katika mtandao wa treni za chini ya ardhi. Mpango ulikuwa na sehemu mbili zilizokutana Highgate. Ya kwanza ilikuwa kuchimba handaki jipya kutoka kituo cha Archway, kupita chini ya stesheni ya zamani, na kutokeza juu ya ardhi karibu na East Finchley, ili treni za umeme ziendelee hadi High Barnet na Edgware. Ya pili ilikuwa kuiunganisha ile njia ya Moorgate na reli ya juu pale Finsbury Park, ili treni za umeme zipite Crouch End na Highgate ya juu na kufika Alexandra Palace na East Finchley. Kwa hiyo Highgate ilikusudiwa kuwa stesheni ya ghorofa mbili: jukwaa la juu kwa treni za Moorgate, majukwaa ya chini kwa treni za West End, na ukumbi wa tiketi katikati yake, chini ya jukwaa la juu. Kazi ya usanifu alipewa Charles Holden, ambaye alikwisha kujenga jina kwa stesheni zake nyingi za mtandao huo.

Vita vilipoanza mwaka 1939, sehemu ya kwanza ilikuwa imefika mbali kiasi kwamba kuiacha kungekuwa hasara kubwa kuliko kuimaliza. Treni za umeme zilifika East Finchley Julai 1939 na High Barnet tarehe 14 Aprili 1940. Kituo cha chini cha Highgate kilifunguliwa tarehe 19 Januari 1941, huku watu wakiwa tayari wanakitumia kujikinga na mabomu. Sehemu ya pili ilisimamishwa. Vituo vya kupozea umeme vilikuwa vimejengwa, nyaya zilikuwa zimetandazwa sehemu kadhaa za njia, na jukwaa la juu la Highgate lilikwisha kupata majengo mapya ya matofali na zege, lakini treni za umeme hazikufika.

Jiweke katika nafasi ya abiria aliyefika Highgate mwaka 1942. Akienda juu, anapata treni ya mvuke yenye mabehewa ya zamani, iliyobaki kutembea saa za msongamano tu na kuishia Finsbury Park, ambako anatakiwa kushuka na kubadilisha. Akiteremka kwa ngazi za umeme kutoka ukumbi uleule, anapata treni ya umeme inayompeleka moja kwa moja katikati ya jiji, na akiikosa hii nyingine iko nyuma yake. Abiria wa Highgate hakuikimbia reli. Aliteremka ghorofa moja tu. Aliyeumia ni mkazi wa Crouch End au Stroud Green, ambaye hakuwa na ghorofa ya chini ya kuteremkia.

Baada ya vita fedha na chuma vilikuwa haba, na nchi ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga upya. Kazi zilizokuwa zimekaribia kwisha ndizo zilizopewa kipaumbele, hasa Central Line, iliyofika Stratford Desemba 1946 na Epping Septemba 1949. Wakati huohuo njia ya Alexandra Palace iliendelea kuendeshwa kwa mvuke, kwa saa chache, pasipo kutengenezwa. Oktoba 1951 ilisitishwa kwa sababu ya uhaba wa makaa ya mawe, ikarudishwa Januari 1952, na ni rahisi kuelewa kwamba baadhi ya waliokwisha kuzoea basi katika majira hayo ya baridi hawakuona sababu ya kurudi. Treni ya mwisho ya abiria ilipita Jumamosi tarehe 3 Julai 1954.

Kwa maoni yangu, basi, uchache wa abiria ulikuwa zao la mpango ulioachwa nusu. Waliofunga njia walihesabu abiria wa huduma ambayo wao wenyewe walikwisha kuamua kutoiboresha.

Mwanafunzi wa Miji anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu Karani, ambayo kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo, lakini naona ameipunguzia uzito hoja ya mabasi na ya umbo la njia yenyewe.

Tazama ramani. Muswell Hill iko kaskazini ya Finsbury Park, ikielemea kidogo magharibi. Basi hushuka kilima, hupita Crouch End na kufika Finsbury Park kwa njia iliyonyooka kiasi, kama lifanyavyo basi la W7 hadi leo. Treni ilikwenda kwanza kusini magharibi mpaka Highgate, ikageuka, ndipo ikateremka kuelekea kusini mashariki, kwa kuwa tawi lilijengwa kama nyongeza ya reli ya Edgware wala halikukusudiwa kuwa njia ya mkato ya wafanyakazi. Abiria wa Muswell Hill alikuwa akilipa kwa dakika zake gharama ya uamuzi wa mwaka 1873 uliofanywa kwa ajili ya watalii wa jumba la burudani. Basi liliposhika kasi na kuwa la mara kwa mara, mzunguko huo ukawa mzigo ambao hata umeme usingeuondoa.

Jambo la pili ni kwamba reli ya kitongoji hushindana na kituo cha jirani kabla ya kushindana na kitu kingine chochote. Kituo cha chini cha Highgate kilipofunguliwa, mkazi wa Muswell Hill aliweza kupanda basi fupi hadi hapo na kuingia treni ya umeme. Piccadilly Line nayo ilikuwa imekwisha kuvuka Finsbury Park kuelekea kaskazini, ikafika Arnos Grove mwaka 1932 na Cockfosters mwaka 1933, na kuwachukua wengi wa waliokuwa wakisababisha ile rabsha aliyoitaja ndugu Karani. Kwa hiyo dharura iliyouzaa mpango wa 1935 ilikuwa imekwisha kupungua kabla mpango wenyewe haujaanza kutekelezwa. Mimi siamini kwamba tawi la Alexandra Palace lingefutwa kwa haki tupu ya hesabu, lakini pia siamini kwamba lilikuwa na hakika ya kunusurika.

Kuna na suala la ukanda wa kijani, ambalo nashangaa halijatajwa. Sheria za kulinda ardhi isiyojengwa pembezoni mwa London, ya mwaka 1938 na ile ya mipango miji ya mwaka 1947, zilizuia ujenzi wa nyumba mpya ambazo mpango mzima ulizitegemea kwa mapato.

Karani wa Masjala anajibu:

Ndugu Mwanafunzi, hoja ya mzunguko naipokea. Ni ya kweli kwa Muswell Hill, ingawa haimgusi mkazi wa Crouch End wala wa Stroud Green, ambao njia yao kwenda Finsbury Park ilikuwa imenyooka.

Hoja ya ukanda wa kijani inahitaji kutenganishwa, kwa sababu watu huitumia kuueleza mpango wote kana kwamba ulikuwa kitu kimoja. Ukanda wa kijani ulikiua kipande cha mbali, yaani ile njia mpya iliyokusudiwa kutoka Edgware kwenda Bushey Heath kupitia Brockley Hill na Elstree South. Huko mapato yalitarajiwa kutoka kwa nyumba ambazo zilikuwa hazijajengwa, na sheria ikasema hazitajengwa. Karakana ya treni iliyoanzishwa Aldenham kwa ajili ya kipande hicho ilitumika wakati wa vita kuunda ndege za kivita za Halifax, na baadaye ikawa karakana ya mabasi. Kwa kipande hicho nakubali kabisa kwamba reli ilikosa watu wa kubeba. Crouch End na Muswell Hill hali ilikuwa kinyume: nyumba zilikuwepo, zimejaa, zina umri wa miaka 40 na zaidi. Sheria ya kuzuia nyumba mpya haimpunguzi mtu aliyekwisha kuhamia.

Kama unataka kuona jinsi kipaumbele kilivyofanya kazi, angalia Mill Hill East. Hicho ni kituo kimoja tu kwenye reli ya zamani ya Edgware, nje kidogo ya Finchley Central, na kwa idadi ya majirani hakikuweza kulinganishwa na Crouch End. Hata hivyo, kilitiwa umeme na kufunguliwa tarehe 18 Mei 1941, katikati ya vita, kwa sababu karibu yake kulikuwa na kambi ya jeshi ya Inglis. Reli iliyobaki kutoka hapo hadi Edgware haikurudishiwa abiria hata siku moja. Mill Hill East ipo kwenye ramani mpaka leo kwa sababu ya kambi ambayo yenyewe haipo tena.

Fundi Reli anajibu:

Wanabaraza wenzangu wameeleza vizuri upande wa abiria. Mimi nitaongeza yaliyotokea baada ya 1954, maana wengi hudhani kwamba reli iling'olewa mara tu abiria walipoondoka.

Treni za mizigo ziliendelea, zikipeleka hasa makaa ya mawe katika yadi za Muswell Hill na Cranley Gardens, hadi mwaka 1956 kwa ya kwanza na 1957 kwa ya pili. Kati ya Finsbury Park na Highgate mizigo ilipita mpaka mwaka 1964. Baada ya hapo ilibaki kazi moja ya ajabu kidogo. Treni za umeme za njia ya Moorgate, zilipohitaji matengenezo, zilivutwa kupitia reli hii ya mvuke kwenda kwenye karakana ya Highgate, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuzifikisha huko. Yaani treni za umeme zilipita Crouch End na Highgate ya juu kwa miaka mingi, kama ramani za 1938 zilivyoahidi, ila zilikuwa tupu na zinavutwa. Safari hizo zilikoma mwaka 1970 kwa sababu ya udhaifu wa madaraja karibu na Finsbury Park, na reli ikang'olewa muda mfupi baadaye.

Kuhusu kuifungua tena, jambo ambalo huulizwa kila mada hii inapoibuka, vikwazo si vya aina moja. Kati ya Finsbury Park na Highgate tuta na mabonde yaliyochimbwa vipo karibu vyote, lakini vimekuwa njia ya waenda kwa miguu iitwayo Parkland Walk, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1984 na kutangazwa hifadhi ya mazingira mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palizuka wazo la kuigeuza kuwa barabara ya magari, na upinzani wa wakazi ulikuwa mkali kiasi cha kulizika wazo hilo. Atakayependekeza reli atakutana na watoto na wajukuu wa watu haohao.

Upande wa Muswell Hill hali ni ngumu zaidi: eneo la stesheni ya Cranley Gardens limejengwa nyumba, na pale palipokuwa stesheni ya Muswell Hill pana shule ya msingi. Daraja refu la matao lililo kati yake lipo imara, nalo ndiyo sehemu ya matembezi yenye mandhari bora kuliko zote, lakini daraja linaloishia shuleni halimsaidii mhandisi.

Kikwazo ambacho mimi hukiona kikubwa kuliko vyote hakipo Highgate. Kipo Finsbury Park. Mpango wa 1935 ulitegemea kuunganishwa na njia ya Moorgate, na kipande cha njia hiyo kati ya Drayton Park na Finsbury Park kilikatwa mwaka 1964 ili majukwaa yake yatumike kwa Victoria Line na kwa kupanga upya Piccadilly Line. Mwaka 1976 njia ya Moorgate ilifunguliwa upya kwa treni kubwa za kutoka kaskazini, na hapo ndipo yale mahandaki ya mita 4.9 yalipopata kazi yaliyochimbiwa, miaka 72 baadaye. Kwa hiyo hata ukiitandika reli upya kutoka Alexandra Palace hadi Finsbury Park, utakuwa umerudisha kilekile kilichofungwa: treni inayokwenda kumwaga abiria Finsbury Park wakabadilishe.

Mpenzi wa Ramani anauliza tena:

Nawashukuru sana kwa majibu haya, na nimefurahi kuona kwamba tofauti zenu zimenisaidia kuliko ambavyo jibu moja lingenisaidia. Nina maswali mawili madogo yaliyobaki. Kwanza, naona kwenye ramani za leo stesheni iitwayo Alexandra Palace ambayo inafanya kazi. Je, hiyo si ndiyo ya tawi lile? Pili, katika baadhi ya ramani za mwaka 1907 na kuendelea neno Highgate limewekwa kwenye kituo cha chini ya ardhi, wakati mmesema kituo cha chini kilifunguliwa 1941. Na je, mtu anaweza kuingia kuiona stesheni ya juu?

Mwanafunzi wa Miji anajibu:

Stesheni ya Alexandra Palace ya leo ni nyingine kabisa. Iko chini ya kilima upande wa mashariki, kwenye reli kuu itokayo King's Cross, na ilikuwa ikiitwa Wood Green mpaka ilipobadilishwa jina mwaka 1982. Ile ya tawi ilikuwa juu, nyuma ya jumba lenyewe, na jengo lake bado limesimama na linatumika kwa shughuli za jamii.

Kuhusu jina, kituo kilichofunguliwa Juni 1907 kama Highgate ndicho kiitwacho leo Archway. Kiko chini ya kilima, mwendo mrefu wa kupanda kabla ya kuifikia Highgate yenyewe, na kampuni ililichagua jina hilo kwa kuwa lilikuwa na heshima zaidi sokoni. Ilipojulikana kwamba kituo kipya kitajengwa juu ya kilima, jina lilianza kuhamishwa kwa hatua: mwaka 1939 kikaitwa Archway (Highgate), mwaka 1941 kikageuzwa kuwa Highgate (Archway), na mwaka 1947 kikabaki Archway. Ukisoma gazeti la kabla ya vita linalosema "kituo cha Highgate", hakikisha kwanza wanazungumzia kipi, hasa kama habari inahusu idadi ya abiria au nauli, la sivyo utahesabu watu wa Archway ukidhani wanapanda treni za mvuke juu ya kilima.

Fundi Reli anajibu:

Kuingia bila mpango haiwezekani. Jukwaa limezungushiwa uzio, na midomo ya mahandaki imewekwa milango ya vyuma yenye nafasi za kupitia popo, kwa kuwa hulala humo majira ya baridi na sheria ya Uingereza inalinda malazi yao. Makumbusho ya Usafiri ya London yamekuwa yakiandaa ziara za kuongozwa kwenye stesheni hiyo, na hiyo ndiyo njia halali ya kuyafikia yale majengo ya zege ya Holden.

Kama ziara haipatikani, anzia Finsbury Park utembee kwa miguu. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Stroud Green utaiona njiani. Crouch End utapita katikati ya majukwaa mawili, mahali reli zilipokuwa, na hapo utaweza kuyakagua kwa karibu: kingo zake bado zimenyooka na kimo chake ni cha treni kubwa. Zingatia kimo hicho. Treni za chini ya ardhi zina sakafu ya chini zaidi, na ni mojawapo ya kazi ambazo zingelazimika kushughulikiwa stesheni hadi stesheni kama mpango ungeendelea. Njia inakoma kabla ya mahandaki ya kusini ya Highgate. Hapo panda barabarani, fuata Archway Road kwa dakika chache, kisha uingie kituo cha Northern Line kwa lango la Priory Gardens au kwa lile la barabara kuu. Ukiwa katika ukumbi wa tiketi, jukwaa la zamani liko juu ya kichwa chako.